Kibali cha Lango la Karani

Karani ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akiomba ruhusa ya kuvuka mtaro ulio mbele ya nyumba yake mwenyewe. Watu wengine wa upande ule wa Kawangware walikuwa na utaratibu wao. Ukipata gari, au mwanao akikuletea gari, unangoja Jumapili, siku ambayo kanjo, askari wa jiji, wako nyumbani na familia zao. Unaita vijana wanne, mnalaza slabu juu ya mtaro, mnashindilia mchanga, na ibada ya pili ikiisha una njia ya gari hadi getini. Jumatatu ikifika, njia hiyo imekuwa hapo tangu enzi za mababu, na hakuna jirani anayekumbuka vingine.

Karani aliandika barua.

Nilikuwa mpangaji wake, chumba namba saba. Mimi ni mtu wa Laini Saba, Kibera. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijatulia. Nimeuza mishipi Soko la Toi, nimefanya mjengo Soweto East wakati maghorofa yale yanapanda, nimelinda magari ya watu, nimekaanga viazi. Popote nilipoishi nilihama kabla sijawajua panya wa pale kwa sura. Kwa Karani nilikaa miaka minne. Sababu haikuwa chumba, maana paa lilivuja. Sababu ilikuwa yeye. Kila siku nilitaka kuona kesho atafanya nini.

Alikuwa amefanya kazi katika masijala ya mahakama, akifungua na kufunga majalada ya kesi za watu, hadi alipostaafu na kurudi kwenye ploti yake akiwa na suti mbili na imani moja: neno lisiloandikwa ni upepo. Jina lake lilikuwa kwenye risiti zetu, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Karani, ingawa yeye alilitamka kama mtu anayemwita mtoto atoke juani.

Sisi wapangaji alituita kwa namba. "Saba, umeamkaje?" "Tatu, bomba umefunga?" Mama wa chumba cha nne alipojifungua, mtoto aliitwa Nne A, na hadi anaanza kutembea alikuwa akigeuka akisikia hivyo. Jogoo wa chumba cha pili alipozidi kuwika, karatasi ilibandikwa kando ya bomba: jogoo ameonywa kwa mara ya mwisho. Saini, tarehe, na nakala moja ikapelekwa kwa mwenye jogoo, aipokee kwa kusaini. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Jogoo aliendelea kuwika mwaka mzima, na Karani hakuchukua hatua nyingine. Kwake yeye, jambo likishaandikwa lilikuwa limekwisha.

Ndivyo alivyokuwa pia na watu. Niliona mara mbili akimwandikia mpangaji notisi ya kuhama, akaigonga kwa ngumi badala ya muhuri, akaipeleka mwenyewe mlangoni, kisha jioni akamtumia mpangaji huyo huyo sahani ya githeri. Hakuna aliyehama. Notisi ilikuwa ndani ya faili, na faili ilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

Mimi alinifanya msomaji wake. Macho yake yalikuwa yamechoka, nami nilikuwa na muda kuliko kazi. Aliniketisha kwenye kibaraza, yeye akafumba macho, nami nikasoma barua, katiba ya kanisa, hata karatasi zilizofungia sukari. Nikikwama kwenye neno, hakunisaidia. "Soma kama mtu anayetaka kushinda kesi," aliniambia. Nilichojifunza kwenye kibaraza kile sikukipata darasani, na sijui kama nilimshukuru.

Mkewe tulimwita Shosho, kama nyanya yetu sote. Yeye alitujua kwa majina, na kwa kwao. Mimi wazazi wangu walitoka kando ya Ziwa, basi kila asubuhi alinisalimia "Oyawore" kwa Kijaluo alichookota kutoka kwa wapangaji wa miaka mingi, kisha akanicheka nikijibu kwa Kiswahili. Kiharusi kilipompata kikachukua upande wake wa kushoto, sauti ilibaki na kicheko kilibaki, lakini kutoka nje kukawa kazi ya wanaume wanne na blanketi.

Siku niliyoielewa hali ile vizuri ilikuwa ya mvua, mwezi wa nne, asubuhi. Shosho alikuwa amezidiwa. Teksi haikuweza kufika karibu, kwa sababu mbele ya geti la Karani palikuwa na mtaro mpana na ubao mmoja tu wa kuvukia kwa miguu. Tulimbeba kwenye blanketi, mimi, vijana wawili wa ploti, na fundi wa mageti ambaye ploti yake ilipakana na ya Karani. Ubao uliteleza. Fundi alitumbukia mtaroni hadi kiunoni, na kwa muda alibaki amemshikilia Shosho juu ya kichwa chake, maji machafu yakimpita mapajani.

"Fundi," Shosho akasema kutoka juu, "usiniachilie, sijui kuogelea."

Sote tulicheka, hata fundi. Karani alikuwa amesimama upande wa pili na mwavuli ambao hakuukunjua. Hakucheka. Hospitalini daktari alimwambia mbele yangu kwamba kiharusi kikirudi, mgonjwa afikishwe upesi. Wakichelewa kama siku hiyo, wasitegemee kurudi naye.

Jioni ile fundi alikuja kibarazani, ameshaoga lakini bado ananuka mtaro.

"Karani, niachie hii kitu. Jumapili nakuletea slabu mbili na vijana. Saa tano teksi inaingia mpaka mlangoni."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu itakuwa imezeeka."

"Nitaomba kibali."

"Kibali ya mtaro? Mzee, hakuna mtu amewahi kuomba. Hata hao wa ofisi watashtuka."

"Wakishtuka watasoma," Karani akasema.

Fundi alinitazama mimi, kana kwamba nilikuwa ndugu wa mgonjwa. Nikainua mabega.

Kuna tabia moja ya Karani ambayo sikuielewa kwa muda mrefu. Kila asubuhi baada ya chai alitoka nje ya geti, akatembea kando ya ukuta wake kutoka kona hadi kona, akiugusa kwa kiganja, kama mtu anayepima homa. Nilidhani anakagua nyufa. Siku ya kuchora ramani ya maombi ndipo nilipojua.

Fomu ilitaka mchoro wa ploti, na Karani alikataa kumlipa mchoraji. Alitandika karatasi mezani, akatoa hati yake ya ardhi na ramani ya zamani, akachora kwa rula kwa siku mbili. Alipomaliza aliniita nisome maandishi madogo. Nikaona upande wa barabara kuna mistari miwili. Mmoja ulipita mbele ya geti. Wa pili ulikuwa ndani zaidi, ulikata ua, ukapita katikati ya nyumba.

"Karani, hii miwili ni ya nini?"

"Huu wa nje ni ukuta," alisema. "Huu wa ndani ni mpaka."

Alinieleza bila kupunguza sauti, ingawa Shosho alikuwa dirishani. Zamani upande ule wote ulikuwa na ua wa miti ya kayaba. Watu walipoanza kujenga kwa mawe, wa kwanza aliung'oa ua wake akasogeza ukuta hatua chache kuelekea barabarani, maana barabara ilikuwa njia ya vumbi tu na hakuna aliyedhani itapanuliwa. Wa pili hakutaka kubaki nyuma. Karani alikuwa wa tatu au wa nne. Jiwe la mpaka, bikoni, lilifukiwa chini ya sakafu, na nyumba mpya ikajengwa juu yake. Mtu aliyeshinda mchana kutwa masijalani akiwahubiria mawakili kuhusu nakala halisi alirudi nyumbani kila jioni kulala juu ya ardhi ya barabara.

"Si uchore mmoja tu?" nikamwambia. "Nani atajua?"

"Mimi ninajua. Na fomu inataka nisaini kwamba ni kweli."

"Watakuja wabomoe."

Akavua miwani. "Saba, miaka yote nimekaa pale, nimeona kitu kimoja. Anayekamatwa huadhibiwa. Anayekiri mwenyewe, kabla hajaulizwa, hupunguziwa. Nimenakili hukumu hizo kwa mkono wangu. Wataona nimesema ukweli, watanipa njia yangu, na la ukuta watalimaliza kwa busara."

Nilimwambia nilichokiona Kibera. Nilimwambia kwamba watu wakija na vifaa vya kupimia hawasomi maelezo yako. Wanapima, wanaandika, wanaondoka, na muda ukipita mashine inakuja.

"Kibera hamna hati," akasema. "Hapa tuna hati."

Hakusema kwa dharau. Alikuwa akinituliza. Lakini mchoro ule haukuonyesha ploti yake peke yake, maana fomu ilitaka pia majirani wa kushoto na kulia. Mistari yote miwili ilikuwa imeendelea hadi pembeni mwa karatasi, imenyooka kabisa kwa rula, na ule wa ndani ukakata karakana ya fundi.

Alipeleka maombi akiwa amevaa suti. Mimi nilibeba faili. Mjini, kwenye ofisi ya barabara, tulipanda ngazi, tukaelekezwa dirisha hili, tukarudishwa lile. Mhudumu mmoja alitaka kumsaidia kwa njia ya mkato, Karani akamwomba aandike ombi hilo na kulisaini. Yule akatoweka. Mwishowe mama mmoja alipokea faili, akaifungua kwenye mchoro, akautazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akamwita mwenzake aje kuona.

"Mzee, hii umechora wewe?"

"Mimi."

"Imechorwa vizuri sana," akasema, na wote wawili hawakutabasamu.

Karani alitembea hadi stendi kama mtu aliyesifiwa.

Afisa alikuja baada ya wiki nyingi, siku ya kazi, mchana, na mkononi alikuwa na lile gurudumu la kupimia lenye mpini mrefu. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alianza katikati ya barabara, akalisukuma gurudumu kuelekea getini. Lilikuwa likitoa mlio mdogo kila linapozunguka, tik, tik, na ploti nzima ilinyamaza kulisikiliza. Nilitarajia asimame getini, maana njia ya gari ilikuwa inaishia hapo. Hakusimama. Alipita ua, akafika mlango wa nyumba.

"Mzee, huu ukuta wa nje ulijengwa lini?"

"Nimeandika. Ukurasa wa pili."

"Sawa. Naomba kupita ndani."

Karani akamfungulia. Gurudumu likaingia sebuleni, likapita juu ya zulia, tik, tik, likaingia chumba cha kulala. Shosho alikuwa kitandani, ameegemea mito. Afisa alimsalimia kwa heshima, akaomba radhi, akaendelea kusukuma hadi gurudumu likagusa mguu wa kitanda.

"Ni hapa," akasema, akaandika.

"Hapa ni wapi?" Shosho akauliza.

"Wanapima mtaro," Karani akamwambia. Afisa alipotoka nje, kabla ya kuaga, aliinua macho akatazama ukuta wa fundi, na ukuta uliofuata, na uliofuata, safu yote hadi kona, akifumba jicho moja.

Baada ya hapo palikuwa na ukimya. Mimi naujua ukimya wa namna hiyo, nimekulia ndani yake. Karani aliuita utaratibu. Kila siku aliniuliza kama barua imekuja, nami nikamwambia bado. Aliendelea kwenda kanisani, aliendelea kutuandikia matangazo ya bomba. Lakini aliacha kutembea kando ya ukuta asubuhi.

Alama zilipigwa Jumanne, tukiwa kazini. Niliporudi nilizikuta nyumba kumi na moja, kila moja na X nyekundu ya kubomolewa, rangi bado inachuruzika. Ya Karani ilikuwa ukutani kando ya geti, mkabala na dirisha la Shosho. Chini yake waliandika idadi ya siku. Fundi alikuwa amesimama mbele ya karakana yake, kofia mkononi.

"Umetuchomea," alimwambia Karani. Hakupiga kelele. "Nilimshika mke wako juu ya kichwa, mzee, nikiwa ndani ya choo ya watu. Na wewe umenichora."

"Sikukuchora wewe. Nimechora mpaka."

"Mpaka ilikuwa imelala. Nani alikutuma uiamshe?"

"Ingeamka tu. Barabara itapanuliwa. Bora tungesema sote mapema, pamoja. Nilikuja kwako na fomu—"

"Ulikuja na fomu nisaini kwamba wewe ni jirani yangu! Nikasaini!"

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwepo. Fundi alikuwa amesaini juu ya mgongo wa geti alilokuwa akilichomelea, bila kusoma, huku akimtania Karani kwamba sasa hata ujirani una fomu. Karani aligeuka akaingia ndani.

Kutoka siku hiyo hakuna aliyemsalimia. Watu walivuka upande wa pili wakimwona. Kanisani benchi lake lilibaki lake peke yake. Maji ya kufulia yalianza kumwagwa mbele ya geti lake, kila siku mahali pamoja, mpaka udongo ukalegea na ule ubao wa kuvukia ukaanza kuzama. Aliandika malalamiko kwa chifu. Wapangaji walianza kuhama, chumba cha tano, cha pili na jogoo wake, kisha Nne na Nne A. Siku zilizoandikwa ukutani zikaisha. Hakuna mashine iliyokuja. Zikapita siku nyingine kama hizo, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, maana kila lori lililobadilisha gia pale kona liliwatoa watu nje ya nyumba.

Mimi pia nilihama. Nilimwambia nimepata kazi Toi. Alinitaka niandike notisi, nikaandika, akaisahihisha vituo. Shosho alinishika mkono kwa mkono wake mzima. "Hiyo gurudumu," akaniambia polepole, "ilisimama hapa miguuni. Kila nikiamka naiona. Mwambie Karani aache kunidanganya kwamba wanapima mtaro." Sikumwambia.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nauza mashati Toi, nikasikia, kwa kuchelewa, kwamba Shosho alikuwa amezidiwa tena. Nikafunga robota langu mapema, nikaenda.

Safu ile sikuitambua. Fundi alikuwa ameibomoa karakana yake mwenyewe ili aokoe mabati, na wengine watatu walikuwa wamefanya hivyo hivyo, wakaacha mapengo kama ya meno. X zilizobaki zilikuwa zimepauka. Lakini mbele ya geti la Karani palikuwa na njia. Haikuwa slabu mbili za Jumapili. Ilikuwa njia ya zege, pana, yenye kalvati ya kupitisha maji chini yake na kingo pande zote, imenyooka kuliko barabara yenyewe. Karani alikuwa ameinama akiimwagilia maji kwa kopo, isipasuke. Alikuwa amekonda.

"Saba," akasema. "Kimetoka."

"Nini?"

"Kibali."

Nilidhani amechanganyikiwa. Akanipa karatasi. Ilikuwa kweli: ofisi ile ile, au dirisha lingine la ofisi ile ile, imempa ruhusa ya kujenga njia ya gari hadi nyumbani kwake. Hakuna mahali iliposema kwamba nyumba yenyewe haitakuwepo.

"Na Shosho?"

"Yuko hai. Usiku ule alipozidiwa, njia ilikuwa bado mbao za kushikilia zege tu, na zege mbichi kando, tukapitisha teksi juu ya mbao. Hospitalini walisema tumewahi. Leo anarudi kliniki."

Teksi ilifika tukiwa bado tumesimama. Iliingia taratibu, ikapita geti, ikasimama mlangoni kabisa, na dereva na mimi tukamhamisha Shosho kutoka kiti hadi kiti, bila blanketi, bila kukimbia. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani. "Oyawore," akaniambia, ingawa ilikuwa mchana. Gari likarudi nyuma, likatoka naye pamoja na binti wa dada yake, aliyekuja kumuuguza. Jambo lote lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Upande wa pili wa barabara, mama mmoja wa ile safu alikuwa akitazama. "Ako na njia," akasema kwa sauti ya kusikika. "Sisi tuko na nini?"

Karani hakugeuka. Nilitaka kufunga geti, akanizuia.

"Soma sharti la sita."

Nikasoma kwa sauti, kama alivyonifundisha: mwenye kibali atahakikisha kwamba njia iko wazi wakati wote kwa magari na mitambo ya ofisi.

"Mitambo," nikarudia.

"Nimesaini."

"Karani, funga geti. Ukifunga, angalau watapiga honi kwanza."

"Nimesaini, Saba."

Alienda akaleta kiti cha plastiki, akakiweka ndani ya geti lililofunguliwa mabawa yote mawili, akaketi akitazama barabara, mikono juu ya magoti. Nilikaa naye kwa muda. Kutoka upande wa Gatina injini nzito ilikuwa ikipanda, bado mbali, inabadilisha gia, na watu wakaanza kutoka kwenye nyumba zilizobaki, mmoja mmoja, wakasimama.

Karani naye akainuka. Akatazama kiti chake, akatazama upana wa njia, kisha akakisogeza kando hadi ukutani, kama mtu anayepisha.